Bangili Iliyosema Ndiyo

Bupe alipofika mahali pa maelezo yake ambapo mlango ulifungwa, sauti yake ilibadilika. Haikutetemeka wala haikupanda. Ilitulia tu, ikawa kama ya mtu anayesoma bei za mahindi redioni.

"Nikamwambia sitaki. Akasema nisiwe mtoto, mahari imeshatolewa, naogopa nini. Nikasema tena, sitaki. Halafu akanishika hapa."

Macho yake yalikuwa ukutani, kwenye ufa mwembamba ulioshuka kutoka darini. Daktari Subilaga aliyafuata macho hayo, hakuona cha ajabu, akarudi kutazama alichoitiwa kutazama: bangili nyeupe ya plastiki kwenye mkono wa kushoto wa binti huyo. Taa yake ilikuwa ya kijani. Kadiri Bupe alivyoendelea kusimulia, kijani kilizidi kukolea, kikang'aa kama jani lililonyeshewa.

"Ishia hapo kidogo, mdogo wangu. Ngoja nikubadilishie."

Alimvua ile bangili, akafungua boksi jipya lililokuwa na lakiri ya maabara yake mwenyewe, akamvalisha nyingine. Bupe alianza upya, kwa sauti ileile. Taa ikawaka kijani tena.

"Imeharibika?" Bupe aliuliza.

"Sijui bado."

"Kama haijaharibika, basi hata wewe utasema nilitaka." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo na polisi, na wazazi wa mchumba wake, na mama yake mzazi.

Katika nchi ile, tangu sheria ya ridhaa ipitishwe, hakuna aliyebishana na bangili. Ilipima mapigo ya moyo, jasho, joto la ngozi na pumzi. Taa ya kijani ilimaanisha ndiyo, nyekundu ilimaanisha hapana, na njano ilimaanisha subiri. Mabwana harusi walinunua jozi za dhahabu. Filamu za ngono zenye leseni zilionyesha kitone cha kijani kwenye kona ya picha tangu mwanzo hadi mwisho, ili mtazamaji ajue kwamba anachokitazama hakina dhambi ya kumlazimisha mtu. Vijana wa rika la Bupe walikuwa wamekua na kitone hicho. Na maabara ya Subilaga, pale Mbeya, ndiyo iliyozipima bangili na kuzipiga muhuri kwamba ni sahihi.

Ili kupumzisha mambo, alimuuliza Bupe kuhusu kazi yake. Alikuwa mwalimu wa chekechea huko Uyole.

"Nzuri," alisema Bupe, na kwa mara ya kwanza aligeuza uso kutoka ukutani. "Ila wana fujo! Juzi kuna mmoja, Ipyana, nimegeuka kidogo tu, kapanda juu ya mnara wa tangi la maji. Namwona kasimama pale ukingoni ananipungia mkono. Daktari, nilitaka kufa. Nikasema nikipiga kelele atashtuka, atateleza..."

Bangili ikalia. Taa ilikuwa imepita njano bila kusimama, ikawa nyekundu, ikimwekamweka.

Wote wawili waliitazama.

"Mbona hapa imejua?" Bupe alinong'ona.

Hapo Subilaga akaelewa. Bangili ilikuwa nzima kabisa. Iliona hofu pale ambapo mwenye hofu alikuwepo ndani ya mwili wake. Pale alipoondoka, ilikuta nyumba tulivu, ikaandika kwamba mwenyewe amekubali.

*

Mashine ya namna ile haizaliwi ikijua kitu. Hufundishwa kwa mifano: unaionyesha ndiyo nyingi na hapana nyingi, hadi iweze kuzitenganisha yenyewe. Subilaga alilijua hilo kama anavyojua kunawa mikono. Ambalo hakuwahi kujiuliza, kwa miaka yote aliyopiga mihuri, ni wapi Mwafaka, kampuni iliyotengeneza bangili, ilizitoa hizo ndiyo.

Aliomba kumbukumbu za mafunzo kwa haki ya maabara, na kampuni ikamletea bila wasiwasi, maana hakuna aliyewahi kuziomba. Jibu lilikuwa kwenye utangulizi, limeandikwa kwa fahari. Ili kupata vipimo vya wanawake wengi wanaoridhia, Mwafaka ilikwenda mahali pekee ambapo wanawake wengi walikubali kupimwa huku wakitazamwa: kwenye studio za filamu za ngono. Kila mmoja alikuwa amesaini mkataba. Kwa hiyo mashine iliambiwa, tazama huyu, hii ndiyo ndiyo. Na huyu. Na huyu.

Picha hazikuwemo, ilikuwa mistari tu ya mapigo na pumzi. Subilaga aliizoea mistari ya watu wenye furaha, jinsi inavyorukaruka na kuhema. Hii ilikuwa tambarare. Aliuchukua mstari wa Bupe, uliorekodiwa na bangili aliyovaa siku ile ya mlango, akaulaza juu ya ile ya studio. Ilikaa kama mtu na kivuli chake.

Kisha akampigia simu Sekela, mwendesha mashtaka wa kesi ya Bupe.

"Naweza kutoa ushahidi," alimwambia.

"Alhamdu... yaani ndaga fijo, Daktari!" Sekela alishukuru akichanganya lugha kwa furaha. "Lakini watasema hiyo ni mistari tu. Walisaini wale. Nitafutie mtu wa kuisemea."

*

Mmoja wa wanawake wa mistari ile hakuwa amejificha. Atuganile alikuwa sura ya Mwafaka kwenye matangazo ya mwanzo, na sasa alikuwa mwenyekiti wa chama cha wanawake wa madanguro yenye leseni, kule chini karibu na reli. Subilaga alimkuta mchana, uani, akichambua maharage kwenye ungo pamoja na wenzake. Mmoja alikuwa anasukwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ugonile, hujambo? Karibu kiti. Wewe ndiye wa mihuri."

Alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti nzito na macho yasiyopepesa. Subilaga alimweleza kila kitu bila kuzunguka. Atuganile alisikiliza huku vidole vyake vikiendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Unataka kujua nilikuwa wapi," alisema mwishowe.

"Ndiyo."

"Tukuyu. Kwenye chai ya baba yangu. Wakishawasha taa zao, mimi naondoka. Napita na mstari wangu wa chai, nachuma, nachuma, kikapu kinajaa, namwaga, naanza upya. Mwili nimewaachia wao wafanye picha. Wakisema tumemaliza, narudi, naoga, naenda nyumbani. Wote tulikuwa na mahali pa kwenda. Kuna mmoja alikuwa anahesabu vigae."

"Ulikuwa unaogopa?"

"Aogope nani, na mimi sipo?" Atuganile alicheka bila furaha. "Ukishazoea kuondoka, mama, tatizo linakuwa kurudi. Mimi nimeshindwa kulia hata kwenye msiba wa mama yangu. Watu wakasema nina moyo mgumu."

Subilaga alishusha sauti. "Utakuja kusema hivyo mahakamani?"

"Hapana."

"Mama..."

"Hapana. Na wewe pia usiende. Inuka, nikuonyeshe."

Alimpeleka ndani, kwenye korido yenye vyumba pande zote. Kila mlango ulikuwa wa chuma, na juu yake taa ndogo iliyofuata bangili ya aliye ndani. Atuganile alimwita msichana mmoja, Tabu, aliyekuwa na alama za zamani za vidole shingoni, rangi ya kahawia kama chai iliyomwagika.

"Huyu, mteja alimkaba mwezi uliopita. Alimvamia ghafla, Tabu hakuwahi kuondoka kwenye mwili wake. Taa ikawa nyekundu, kitasa kikaachia chenyewe, mlango ukafunguka. Tuliingia na mchi na miiko, tukamtoa huyo mwanamume bila viatu. Kabla ya bangili alikuwepo Enelika. Chumba hikihiki. Alijifungia na mtu, na mlango tuliuvunja asubuhi." Alimgeukia Subilaga. "Wewe ukasimame mbele ya hakimu useme bangili inadanganya, halafu?"

"Nyekundu haidanganyi. Hiyo sitaigusa. Nitasema kijani tu."

"Mtoto wa watu!" Atuganile alipiga makofi ya kushangaa. "Unafikiri kuna mtu anayenunua nyekundu? Mwanamume anapolipia bangili anajinunulia kijani chake. Anainunua ili alale usingizi. Nyekundu sisi tunapewa kama nyongeza. Ondoa kijani, uone kama kampuni itaendelea kutunza umeme wa vitasa vya malaya."

Neno hilo alilitamka polepole, kama mtu anayemkanyaga mwenzake makusudi. Subilaga hakuondoa mguu.

"Kuna binti," alisema. "Alisema hapana kwa mdomo wake, mara mbili. Wanamwita mwongo kwa sababu mwili wake ulifanya kama ulivyofanya wa kwako. Anaitwa—"

"Usinitajie jina lake." Kwa mara ya kwanza macho ya Atuganile yaliyumba. "Nenda. Nakuomba. Na jina langu mimi pia usilitaje huko, sikukubalii. Umesikia?"

"Nimesikia."

*

Usiku ule na uliofuata Subilaga hakulala vizuri. Aliipima kesi upande huu na upande ule, na kila alipoinua upande mmoja kulikuwa na mwanamke chini yake. Asubuhi ya kesi alimkuta Bupe kwenye benchi nje ya mahakama, na akajikuta akimweleza kuhusu milango ya chuma. Labda alitaka binti huyo amwambie aache. Labda alitaka amwambie aendelee.

Bupe alifikiri. "Mimi sitaki mtu afe kwa ajili yangu," alisema. "Lakini dada, hao wa kule, wakiondoka kwenye miili yao na mtu akawaumiza, taa inasemaje?"

"Kijani."

"Basi mlango haufunguki."

Katika hesabu zake zote hilo hakuliona. Milango ile ilimfungukia aliyeshtukizwa tu. Aliyeumizwa kila siku, aliyekwisha kuzoea, alikuwa amefungiwa ndani.

Mahakama ilijaa. Lusajo, mchumba wa Bupe, alikuwa kijana mwembamba mwenye shati la kanisani, na alikuwa amelia kabla hata ya kuanza. Hakuwa na sura ya mtu mbaya, na jambo hilo lilimtisha Subilaga kuliko kama angekuwa nayo.

"Alikuambia hapana?" Sekela alimuuliza.

"Alisema. Lakini taa ilikuwa kijani. Kwenye zile filamu, mara nyingi wanaanza kwa kusema hapana, huku taa ya kijani. Nilijua ndivyo ilivyo."

"Uso wake ulikuwaje?"

Lusajo alitazama chini kana kwamba jibu limemwangukia sakafuni.

"Sikuuangalia," alisema. "Nilikuwa naangalia taa."

Bupe, kwenye kiti chake, aliinamisha kichwa. Mama yake, aliyekuwa amekaa mbali naye tangu kesi ianze, alihama benchi akaja kukaa karibu.

Kisha ikawa zamu ya Subilaga. Aliweka mistari kwenye ukuta mweupe, wa Bupe juu, ya studio chini. Alieleza kwa maneno ya kawaida jinsi mashine ilivyofundishwa, na kwa vipimo vya akina nani.

Wakili wa utetezi, Bwana Mtweve, ambaye kila mtu alijua analipwa na Mwafaka, alisimama taratibu akifunga kifungo cha koti.

"Daktari, bangili imewahi kuokoa maisha ya mwanamke?"

"Ndiyo. Nimemwona mmoja kwa macho yangu."

"Mahakama ikikubali maneno yako, kampuni haitaweza kuendelea na huduma. Mitambo itazimwa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Basi atakapokufa wa kwanza, utakwenda msibani kwake?"

Subilaga aliinua macho, na hapo ndipo alipomwona Atuganile. Alikuwa amekaa safu ya nyuma kabisa, kitenge kimefunika nusu ya uso.

"Nitakwenda," alisema. "Lakini kuna walioumizwa tayari huku taa ikiwa ya kijani, na hao hakuna aliyewahesabu. Taa nyekundu inaweza kusema kwamba mtu anaogopa. Ya kijani haisemi chochote. Inasema tu kwamba mashine haijaona kitu. Sisi tumeichukua hiyo tukaiita ndiyo."

"Wanawake wa mistari hii walisaini mikataba."

"Kalamu ilisaini. Waliokuwa wanapimwa hawakuwepo."

"Nani amekuambia?" Mtweve alitabasamu sasa. "Umemleta? Taja jina la mwanamke mmoja, Daktari. Mmoja tu."

Sekela alimkazia macho Subilaga akimsihi. Jina lilikuwa pale ulimini, na mwenye jina alikuwa pale chumbani. Kumwonyesha tu kwa kidole kungetosha kuimaliza kesi.

"Siwezi kumtaja," alisema Subilaga.

"Kwa nini?"

"Hajaniruhusu."

Vicheko vilisikika huku na huku. Mtweve aligeuka kuwatazama watu, mikono wazi. "Kwa hiyo shahidi wako hana ridhaa!"

"Hana. Aliniambia hapana, nami nikasikia. Sikuhitaji kumvalisha kitu."

Vicheko vilikatika. Mtweve alibaki amesimama na tabasamu lake lisilo na pa kwenda. Hakimu, mwanamke mzee aliyekuwa kimya tangu asubuhi, aliweka kalamu chini. Aliporudi kutoka mapumzikoni alisoma uamuzi mdogo, bila madoido: taa ya kijani isingepokelewa tena kama ushahidi wa ridhaa katika shauri lile, kesi ingeendelea kwa maneno ya watu wenyewe.

Nje, Sekela alimkumbatia Bupe. Binti alisimama wima ndani ya mikono ile kama mti.

"Kwa hiyo nimeshinda?"

"Bado. Ila sasa lazima wakusikilize."

"Kumbe ndiyo kwanza inaanza," alisema Bupe, na akaanza kulia kwa sauti, kamasi na yote, katikati ya watu.

*

Mwafaka haikusubiri hukumu. Kesho yake ilitangaza kwamba inasimamisha huduma kwa muda usiojulikana, na saa sita mchana taa za bangili zilizimika mji mzima.

Subilaga alishuka kwenda relini kwa miguu. Alisikia nyundo kabla hajaiona nyumba. Uani kulikuwa kumelazwa milango ya chuma, mmoja juu ya mwingine, na kwenye korido wanawake walikuwa wanafungua bawaba za uliobaki. Tabu alikuwa juu ya stuli. Atuganile alikuwa chini, bisibisi mkononi, jasho likimtiririka.

"Umekuja kuomba msamaha?" aliuliza bila kugeuka.

"Sijui nimekuja kufanya nini."

"Basi shika huku. Ni mzito."

Subilaga alishika. Waliubeba mlango pamoja hadi uani, wakautua. Vyumba vyote sasa vilikuwa na mapazia, na ukisimama jikoni ungeweza kusikia mtu akikohoa kwenye chumba cha mwisho.

"Wateja hawatapenda," alisema Subilaga.

"Nusu hawatarudi. Tutakula nini, usiniulize leo." Atuganile alijifuta uso kwa kanga. "Nimekukasirikia, ujue. Bado nimekukasirikia. Ungeweza kunitaja ukaimaliza kesi yako. Nilikuwa nimeshajiandaa kukutukana."

Kabla Subilaga hajajibu, mwanamume mmoja aliingia kwa lango, mtu mkubwa mwenye buti za machimbo. Alitazama milango iliyolazwa chini, kisha mapazia.

"Vipi hapa? Nataka chumba chenye mlango."

"Leo tumefunga, baba," alisema Atuganile.

"Umefunga na milango hamna?" Mtu yule alicheka. Alimpita Subilaga kama anayepita kiti, akamshika Atuganile mkono. "Twende bwana, acha maringo."

"Nimesema tumefunga."

Hakumwachia. Tabu alishuka kwenye stuli, nyundo mkononi. Mwingine alitokea jikoni na mchi, na wengine wawili nyuma yake, na mwingine aliyekuwa anasukwa, nusu ya kichwa nywele zimesimama. Hakuna aliyekimbia wala kupiga kelele. Walikuja tu, wakakaribia, wakasimama. Subilaga naye alijikuta ameokota bawaba ya chuma, ameishika kama jiwe.

Mtu yule alitazama huku na huku. Vidole vyake viliachia kimoja kimoja. Alitema mate chini, akasema neno baya, akatoka, na lango likagonga nyuma yake.

Atuganile aliendelea kusimama palepale. Bisibisi ilimponyoka, ikalia kwenye saruji, na alipoinama kuiokota hakuweza. Mikono yake ilikuwa inatetemeka hadi mabegani. Aliiinua mbele ya uso wake, akaigeuza, akaitazama kama mikono ya mtu mwingine aliyerudi nyumbani bila kubisha hodi.

"Daktari," alisema kwa sauti ndogo ya mshangao. "Njoo uone. Naogopa."